Alan Freed: Mtangazaji aliyeufikisha muziki wa roki kwa vijana wote, kisha akaangushwa na fedha za nyimbo

Kituo chochote chenye kipindi cha zilipendwa za Kizungu hakikosi kucheza Chuck Berry, Fats Domino, Little Richard au kundi la The Drifters. Nyimbo zao tumezizoea kiasi kwamba ni rahisi kudhani zilipigwa kila redio tangu siku zilipotoka studio. Haikuwa hivyo. Katika Marekani ya miaka ya 1950 vituo vingi vikubwa havikutaka hata kuzigusa, kwa sababu waliozipiga na kuziimba walikuwa watu weusi.

Miongoni mwa waliousukuma mlango huo hadi ukafunguka alikuwemo mtangazaji mmoja mzungu wa usiku, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa akipiga meza kwa mkono kufuata mdundo huku kipaza sauti kikiwa wazi. Jina lake ni Alan Freed. Ndiye aliyelifanya neno rokenroli lijulikane na kila kijana wa Marekani. Alifariki dunia tarehe 20 Januari 1965 akiwa na umri wa miaka 43, akiwa hana kazi na akikabiliwa na kesi ya kodi.

Makala haya yanasimulia maisha yake tangu mwanzo. Tunayaandika kwa sababu mbili. Mpenzi wa zilipendwa anastahili kujua nyimbo hizi zilifikaje kwake. Pia swali lililomwangusha Freed, kwamba nani anamlipa mtangazaji ili wimbo upigwe, halijazeeka hata kidogo.

Kijana wa tromboni

Freed alizaliwa tarehe 15 Desemba 1921 huko Windber, mji mdogo wa machimbo ya makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania. Alipokuwa mtoto, familia yake ilihamia Salem, jimbo la Ohio, na huko ndiko alikosomea sekondari. Shuleni alipiga tromboni katika bendi ya jazi, na ndoto yake ilikuwa kuongoza bendi yake mwenyewe. Ndoto hiyo haikutimia, lakini sikio la muziki lilibaki. Wengi hawajui kwamba mtu huyu aliyehusishwa na kelele za vijana alikuwa pia mpenzi mkubwa wa muziki wa kale wa Ulaya, hasa wa Mjerumani Richard Wagner.

Kazi ya redio aliianza mwaka 1942 katika kituo kidogo cha WKST, mjini New Castle, Pennsylvania. Baadaye alitangaza Youngstown, na mwaka 1945 akahamia kituo cha WAKR mjini Akron, Ohio. Huko alipata umaarufu wa kwanza kwa kucheza jazi na nyimbo za pop zilizokuwa zikivuma. Alipotaka kwenda kwa mshindani, mkataba wake ulimfunga. Kesi ilifika mahakamani, naye akazuiwa kutangaza katika eneo lile kwa muda. Ndipo akaelekea Cleveland, jiji kubwa la viwanda kando ya Ziwa Erie. Alijaribu kwanza televisheni bila mafanikio makubwa, kisha mwaka 1951 akaingia kituo cha redio cha WJW.

Duka la santuri la Cleveland

Cleveland kulikuwa na mfanyabiashara aliyeitwa Leo Mintz, mwenye duka la santuri lililoitwa Record Rendezvous. Mintz alikuwa akiona dukani kwake jambo ambalo wakuu wa redio hawakuliona, au hawakutaka kuliona. Santuri za wanamuziki weusi zilikuwa zikinunuliwa kwa wingi, na vijana wa kizungu nao walikuwa wameanza kuziulizia.

Hapa inafaa kueleza hali ilivyokuwa. Wakati huo muziki wa Marekani uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Hadi mwaka 1949 jarida la biashara ya muziki la Billboard liliziweka rekodi za watu weusi katika orodha iliyotajwa kwa rangi yao. Mwaka huo ndipo jina la orodha likabadilishwa na kuwa rhythm and blues, yaani R&B kwa ufupi. Jina lilibadilika, mgawanyo haukubadilika. Muziki huo ulikuwa na vituo vyake vichache, maduka yake na kumbi zake.

Mintz alimshawishi Freed aanzishe kipindi cha usiku cha muziki huo, naye akaahidi kukidhamini. Katikati ya mwaka 1951 kipindi kikaanza kuruka hewani. Freed alijiita Moondog, yaani mbwa wa mwezi. Alisoma matangazo ya duka, akatuma salamu, akapiga kelele za kushangilia katikati ya wimbo, na akagonga kitabu cha simu kilichokuwa mezani kwake kama vile yeye ndiye mpiga ngoma wa bendi. Kwa masikio ya wakati ule hicho kilikuwa kitu kipya. Watangazaji wengi walizoea kusoma jina la wimbo kwa sauti laini na kunyamaza. Freed alikuwa kama mtu aliye ukumbini pamoja na wasikilizaji wake.

Muda wa kipindi nao ulimsaidia. Redio za siku hizo zilitumia masafa ya kati, na mawimbi ya masafa hayo husafiri mbali zaidi usiku, kwa kuwa hugonga tabaka la juu la anga na kurudishwa chini. Kijana aliyekuwa kitandani na redio ndogo, mbali na mitaa ya watu weusi ya Cleveland, aliweza kusikia muziki ambao mchana asingeusikia. Redio haina sehemu ya kukaa wazungu na sehemu ya kukaa weusi. Kwa nchi iliyotenganisha watu mashuleni na kwenye mabasi, hilo halikuwa jambo dogo.

Usiku wa tarehe 21 Machi 1952

Mwezi Machi 1952 Freed, Mintz na wenzao waliandaa onyesho katika ukumbi wa Cleveland Arena, uliokuwa na nafasi ya watu takriban 10,000. Waliliita Moondog Coronation Ball, yaani dansi ya kutawazwa kwa Moondog. Waliotangazwa kupiga ni pamoja na Paul Williams na bendi yake, Tiny Grimes, kundi la The Dominoes na mwimbaji Varetta Dillard.

Walikuja watu wengi kuliko ukumbi ulivyoweza kubeba. Inakadiriwa kwamba waliofika walikuwa kama 20,000. Tiketi zilikuwa zimeuzwa kupita kiasi, na walioachwa nje walivunja milango. Paul Williams alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupiga pale polisi na zimamoto walipoamuru onyesho lisimame.

Siku iliyofuata Freed alirudi hewani akaomba radhi. Kwa kiongozi wa kituo ilikuwa aibu, lakini kwa biashara ilikuwa habari kubwa. Umati ule, ambao karibu wote walikuwa watu weusi, ulithibitisha kwamba kipindi cha usiku wa manane kinaweza kujaza ukumbi mkubwa mara mbili. Leo wanahistoria wengi wa muziki huutaja usiku ule kuwa onyesho la kwanza la roki duniani.

New York na jina jipya

Mwaka 1953 Freed alipata ajali mbaya ya gari iliyomuumiza vibaya, na afya yake haikuwa nzuri tena baada ya hapo. Hata hivyo mwaka uliofuata alipiga hatua kubwa kuliko zote. Septemba 1954 alihamia kituo cha WINS cha New York, soko kubwa kuliko yote ya redio nchini humo.

New York alikumbana na tatizo la jina. Katika jiji hilo aliishi mwanamuziki kipofu aliyepiga ala zake mitaani, Louis Hardin, naye alikuwa akijiita Moondog kabla ya Freed. Zaidi ya hayo, Freed alikuwa amewahi kuitumia rekodi ya Hardin katika kipindi chake. Hardin alikwenda mahakamani akashinda. Freed akalazimika kuliacha jina lile na kutafuta jingine, ndipo kipindi kikaitwa karamu ya rokenroli.

Si kweli kwamba Freed alilibuni neno hilo, ingawa mara nyingi husemwa hivyo. Maneno yake mawili yalikuwemo katika nyimbo za bluzi za watu weusi tangu miaka ya 1920, yakiwa na maana ya kucheza dansi, na pia maana ya mambo ya chumbani. Alichofanya Freed ni kulichukua neno la mtaani na kulibandika juu ya muziki uliokuwa ukiitwa R&B. Kwa kufanya hivyo aliuondolea muziki ule kibandiko cha rangi. Kijana wa kizungu aliyeambiwa na wazazi wake kwamba R&B si muziki wa watu kama yeye, sasa aliweza kusema kwamba anasikiliza rokenroli.

Maonyesho yake ya New York yalionyesha matokeo. Januari 1955 alijaza ukumbi wa St. Nicholas Arena kwa siku mbili, akiwa na Fats Domino, Big Joe Turner, The Clovers na The Drifters. Tofauti na Cleveland, safari hii weusi na wazungu walikaa na kucheza katika ukumbi mmoja. Baadaye maonyesho yake ya sikukuu katika ukumbi wa Paramount wa Brooklyn yakawa desturi ya vijana wa jiji lile.

Filamu nazo zikamtafuta. Mwaka 1956 alionekana katika Rock Around the Clock, akifuatia na nyingine kadhaa ambamo aliigiza kama Alan Freed mwenyewe. Katika Go, Johnny, Go! ya mwaka 1959 alikuwa pamoja na Chuck Berry, na humo anaonekana pia Ritchie Valens, kijana aliyekufa katika ajali ya ndege mwezi Februari mwaka huohuo. Vipindi vyake vilivyorekodiwa vilirushwa pia na Radio Luxembourg, iliyosikika usiku Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya. Wakati huo redio ya taifa ya Uingereza ilikuwa ikicheza muziki huu kwa kijiko kidogo. Vijana wa Liverpool na London walioegemea Luxembourg usiku ndio waliokuja kuunda makundi ya miaka ya 1960. Ndiyo maana katika albamu ya pili ya The Beatles, iliyotoka mwaka 1963, tunakuta wimbo wa Chuck Berry.

Wimbo wenyewe, si nakala

Kuna jambo moja ambalo hata maadui zake Freed walimkubalia. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni kubwa za kurekodi zilikuwa na mchezo mmoja. Msanii mweusi akitoa wimbo unaoanza kuvuma, haraka kampuni humchukua mwimbaji mzungu na kumwimbisha wimbo uleule kwa sauti iliyopolezwa. Nakala hiyo ndiyo iliyopelekwa kwenye vituo vikubwa, na mara nyingi ndiyo iliyouza zaidi.

Pat Boone aliimba tena wimbo wa Fats Domino, Ain't That a Shame, mwaka 1955, kisha wa Little Richard, Tutti Frutti. LaVern Baker alitoa Tweedlee Dee, na Georgia Gibbs akaunakili kwa karibu sana hivi kwamba Baker alilalamika hadharani kuhusu riziki aliyoikosa.

Freed alikataa nakala. Kwake wimbo wa Fats Domino ulikuwa wa Fats Domino, na wa Little Richard ulikuwa wa Little Richard. Msikilizaji aliyezoea kusikia wimbo wenyewe hewani alikwenda dukani kuutafuta wimbo wenyewe. Hapo ndipo fedha zilipoanza kuelekea kampuni ndogo kama Chess ya Chicago na Atlantic ya New York, pamoja na wasanii wao, badala ya kuishia kwa wanaonakili.

Ukitaka kuona alichosaidia kukiokoa, angalia vipindi vya zilipendwa vya leo. Nakala nyingi za miaka ile zimesahaulika, na zinazopigwa ni zile zilizokuwa zikikataliwa. Tayari mwaka 1959 mtangazaji mwenzake wa Los Angeles, Art Laboe, alianza kutoa albamu za mkusanyiko zilizoitwa Oldies but Goodies, akikusanya nyimbo za miaka michache tu iliyopita. Yaani muziki huu ulianza kuitwa wa zamani ilhali waliouimba walikuwa bado vijana.

Jina kwenye karatasi ya utunzi

Sasa tufike kwenye upande wa pili wa mtu huyu.

Nchini Marekani, redio inapopiga wimbo hulipa mtunzi na mchapishaji wa wimbo huo. Mwimbaji, kama hakutunga, hapati chochote kutokana na kupigwa redioni. Kwa hiyo jina kwenye mstari wa mtunzi ni mali. Wimbo ukipigwa mara elfu, mara elfu jina hilo linaingiza fedha, hata baada ya miaka thelathini.

Mwaka 1955 Chuck Berry alirekodi wimbo wake wa kwanza, Maybellene, katika kampuni ya Chess. Freed aliupiga mno katika kituo cha WINS na ukawa mkubwa nchi nzima. Santuri ilipotoka, watunzi waliotajwa walikuwa watatu: Chuck Berry, Alan Freed na mtu mwingine aliyeitwa Russ Fratto. Freed hakuwa ametunga wimbo huo. Berry, aliyekuwa mgeni katika biashara hii, alikuja kujua baadaye kwamba mapato ya utunzi wake yanagawanywa kwa watu ambao hawakushika kalamu. Jina la Freed lilikaa kwenye wimbo huo hadi mwaka 1986, ndipo Berry akarudishiwa utunzi wake wote.

Haukuwa wimbo huo peke yake. Freed alitajwa pia kama mtunzi mwenza wa Sincerely, wimbo wa mwaka 1954 wa kundi la The Moonglows, pamoja na Harvey Fuqua wa kundi hilo. Wimbo huo ulinakiliwa na wanawake watatu wa kizungu, The McGuire Sisters, na nakala yao ikashika nafasi ya kwanza nchini. Hivyo mtu aliyekataa kupiga nakala hewani alinufaika na mojawapo ya nakala zilizouza zaidi.

Mbali na hayo, kulikuwa na kile Wamarekani walichokiita payola, yaani fedha au zawadi anazopewa mtangazaji ili apige wimbo. Enzi hizo DJ alichagua mwenyewe atakachopiga. Mwenye kampuni ndogo, asiye na jina wala matangazo, alijua kwamba mtu mmoja ndani ya studio anaweza kumtajirisha kwa wiki moja. Bahasha zikatembea. Wengine walitoa safari, wengine vifaa vya nyumbani, wengine mkataba wa ushauri wenye malipo ya kila mwezi. Freed alikiri kupokea fedha kama mshauri. Alichokataa ni kwamba fedha ndiyo iliyomchagulia nyimbo.

Boston, kisha payola

Freed alikuwa tayari na maadui wengi. Wazazi, wachungaji na wanasiasa walilaumu muziki wake kwa uhalifu wa vijana. Nyuma ya lawama hizo mara nyingi kulikuwa na hofu ya kuona vijana weusi na wazungu wakicheza pamoja. Mwaka 1957 alipewa kipindi cha televisheni katika mtandao wa ABC. Kijana mwimbaji mweusi, Frankie Lymon, alionekana humo akicheza dansi na msichana mzungu. Vituo vya majimbo ya kusini vikalalamika, na haukupita muda kipindi kikaondolewa.

Tarehe 3 Mei 1958 alipeleka onyesho Boston, akiwa na Jerry Lee Lewis, Buddy Holly na Chuck Berry. Polisi waliwasha taa zote za ukumbi katikati ya onyesho, ukazuka mvutano na fujo mitaani. Freed akashtakiwa kwa kuchochea ghasia. Mashtaka hayo hatimaye yalifutwa, lakini yalikuwa yameshamgharimu. Aliondoka WINS akiona kwamba kituo hakikumtetea, akaenda WABC.

Mwaka uliofuata nchi nzima ilitikiswa na kashfa ya michezo ya maswali na majibu ya televisheni, ilipogundulika kwamba baadhi ya washindani walikuwa wakipewa majibu mapema. Bunge la Marekani likahamishia macho yake kwenye redio na santuri. Novemba 1959 WABC ilimtaka Freed asaini tamko kwamba hajawahi kupokea malipo ili kupiga nyimbo. Alikataa kusaini, akafukuzwa. Kipindi chake cha televisheni nacho kikaisha wiki hiyohiyo.

Kamati ya bunge iliyoongozwa na Oren Harris ilianza kusikiliza ushahidi Februari 1960. Mtangazaji mwingine maarufu, Dick Clark, alikuwa na hisa katika kampuni kadhaa za muziki ambazo nyimbo zake alizipiga katika kipindi chake. Clark alikubali kuuza hisa hizo mapema, akafika mbele ya kamati kwa utulivu, akatoka akiwa na kazi yake. Aliendelea kuwa nyota wa televisheni kwa miongo mingi. Freed hakuwa na utulivu huo, wala hakuwa na mtandao mkubwa wa kumkinga.

Wakati huo hapakuwa na sheria ya shirikisho iliyofanya payola kuwa kosa. Sheria hiyo ilipitishwa baadaye, mwaka 1960, ikitaka malipo ya aina hiyo yatangazwe wazi kwa wasikilizaji. Freed alishtakiwa kwa sheria ya jimbo la New York kuhusu rushwa ya kibiashara. Desemba 1962 alikiri makosa mawili. Adhabu ilikuwa faini ya dola 300 na kifungo cha miezi sita ambacho hakutakiwa kukitumikia.

Miaka ya mwisho

Ukiitazama faini hiyo utasema ni ndogo. Hasara halisi ilikuwa nyingine. Alifanya kazi kwa muda katika kituo cha KDAY huko California, kisha kwa muda mfupi Miami, lakini hakuna kituo kikubwa kilichotaka tena jina lake. Mwaka 1964 serikali ilimfungulia mashtaka ya kukwepa kodi, kutokana na mapato yale yale ya miaka ya nyuma. Pombe, aliyokuwa akiinywa kwa miaka mingi, ilikuwa imemharibu ini. Alifia hospitalini Palm Springs, California, kabla kesi ya kodi haijamalizika.

Mwaka 1986 taasisi ya heshima ya muziki wa roki, Rock and Roll Hall of Fame, ilipowaingiza watu wake wa kwanza, Freed alikuwa mmoja wao, pamoja na Chuck Berry na Fats Domino. Makumbusho ya taasisi hiyo yalijengwa Cleveland na kufunguliwa Septemba 1995. Kuwepo kwa Freed katika historia ya jiji hilo kulikuwa miongoni mwa hoja zilizoipa Cleveland heshima hiyo. Majivu yake yalihifadhiwa humo tangu mwaka 2002 hadi taasisi ilipoiomba familia iyachukue mwaka 2014. Tangu mwaka 2016 yamepumzika katika makaburi ya Lake View mjini humo, chini ya jiwe lenye umbo la mashine ya kupigia santuri.

Tumhesabuje?

Wapo wanaomwona Freed kama mbuzi wa kafara. Wana hoja. Watangazaji wengi walipokea, wachache waliadhibiwa, na aliyeadhibiwa zaidi alikuwa yule aliyewakutanisha vijana wa rangi mbili katika ukumbi mmoja. Ni vigumu kuamini kwamba hilo lilitokea kwa bahati tu.

Lakini mahakama ilimhukumu kwa jambo moja na kuliacha jingine, na kwa maoni yangu lililoachwa ndilo zito zaidi. Bahasha ya kampuni ya santuri ilitoka mfukoni mwa mfanyabiashara aliyejua anachofanya. Jina kwenye Maybellene lilitoka jasho la msanii aliyekuwa hajui, tena msanii yuleyule ambaye Freed alikuwa akimtetea hewani. Hakuna kamati ya bunge iliyoketi kwa ajili ya hilo. Chuck Berry alisubiri miaka 31.

Somo hapa linatuhusu sisi tunaokaa mbele ya kipaza sauti. Mtangazaji hana mali nyingine kazini zaidi ya uchaguzi wake na imani ya wanaomsikiliza. Freed alipoamini kwamba wimbo wenyewe ni bora kuliko nakala, imani hiyo ilibadilisha muziki wa dunia. Alipopokea malipo, inawezekana kabisa kwamba aliendelea kupiga nyimbo alizozipenda kweli, kama alivyodai. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kujua kwa uhakika, hata yeye mwenyewe pengine asingeweza kutofautisha. Msanii chipukizi anayeambiwa leo kwamba wimbo wake utapigwa akimwandika mtu fulani kuwa mtunzi mwenza, auulizie kwanza wimbo huu wa mwaka 1955.

Vilevile tusimfute. Nyimbo tunazoziita zilipendwa hazikupendwa zenyewe tu kwa kukaa kabatini. Kuna mtu aliyezipiga pale kuzipiga kulipokuwa na gharama. Kwa santuri zile za Cleveland na New York, mtu huyo mara nyingi alikuwa Alan Freed. Utakaposikia Maybellene tena katika kipindi chetu, mtunzi tutakayemtaja ni mmoja tu: Chuck Berry.